Foku Nyeusi

Kalisto aliniharibia pilau. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili msomaji ajue hasira hii imetoka wapi, maana kwa kawaida mimi ni mtu wa kucheka. Wateja wangu wa cherehani hapa Sumbawanga husema kicheko changu kinasikika mpaka Zambia, nami huwajibu kwamba upepo ukiwa mzuri kinafika Kongo. Lakini mwezi uliopita, kwenye harusi kule Namanyere, walinikalisha meza moja na Kalisto, ambaye sikuwa nimemwona tangu sote wawili tukiwa na meno kamili. Kabla sijakifikia kipande cha nyama nilichokitunza pembeni mwa sahani, nikamsikia akiwasimulia wageni, "Huyu dada mnayemwona hapa tulikuwa naye kwenye sarakasi ya skuta. Alikuwa mzuri ajabu. Basi tu, siku yenyewe akaogopa." Wageni wakacheka. Bwana mmoja mwenye tai akanigeukia kwa huruma: "Si vibaya, mama. Wanawake na vyuma wapi na wapi." Nilitamani kuimwaga sahani yote kichwani kwa Kalisto, lakini pilau lilikuwa zuri na harusi haikuwa yangu. Nikanyamaza. Ukimya ule umenikaa kooni kama mwiba wa samaki mgebuka, na leo nimefunga duka saa tisa, nimeuweka mkasi pembeni, naandika.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba alikuwa na ng'ombe wangapi. Nitaanza na mwaka ule maduka yalipojaa. Kabla yake tulikuwa tukinunua sabuni kwa kipande, nacho kipande kimekatwa kwa uzi, na mtu aliyekuwa na mche mzima tulimsalimu kama mheshimiwa. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Malori yakaanza kupanda kutoka Tunduma kwenye ile barabara yenye mashimo ambayo ng'ombe angeweza kuzama mpaka pembe, na kila lori likateremsha vitu ambavyo hatukuwa tumeviota: miamvuli ya maua, redio, viatu vya plastiki vinavyong'aa, betri, na sabuni, jamani, sabuni za rangi zote, za kunukia mpaka nyuki wakaja mjini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikaa na shangazi Skola kwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa kanga: upande huu vitanda vyetu viwili, upande ule magunia ya maharage, ndoo ya ulezi na cherehani yangu. Chumba kilinuka mafuta ya mashine na vumbi la maharage, na hata leo nikifungua gunia la maharage mapya nasikia miguu inawasha kutaka kukanyaga cherehani. Mchana nilishona sare za shule. Jioni nilikwenda masomo ya watu wazima kwenye darasa la shule ya msingi, tukikaa kwenye madawati yaliyotubana magoti, chini ya karabai iliyopiga kelele kumshinda mwalimu. Huko ndiko nilikojifunza kipenyo na mzingo. Wenzangu walilalamika kwamba mzingo hauliwi. Mimi niliupenda kama mchumba. Nilipima sufuria, nikapima ndoo, nikapima kichwa cha shangazi akiwa amelala.

Skuta ilitokana na baiskeli iliyokatika katikati. Jirani aliitupa nyuma ya nyumba, nami nikawa naiangalia kila nikianika nguo: ile nusu ya mbele, yenye shingo na usukani, ilisimama kama mtu anayesubiri kuambiwa la kufanya. Nikamwambia Kalisto, aliyekuwa akitembeza vitumbua vya mama yake na ambaye mdomo wake ungeweza kumwuzia samaki maji. Tukapata ubao wa mninga, tukapata magurudumu mawili madogo ya baiskeli ya mtoto, fundi akaunganisha, na ikawa skuta: unasimama ubaoni kwa mguu mmoja, unasukuma ardhi kwa mguu wa pili, unashika usukani na kumwomba Mungu. Niliyejua kuipanda ni mimi kwa sababu niliyeanguka nayo ni mimi. Nilianguka sana, hakuna jiwe la Sumbawanga ambalo halikunionja. Lakini baada ya miezi kadhaa nilikuwa nateremka mteremko wa uwanja wa mpira, napanda kibao cha kurukia, na kupaa juu ya watu sita waliolala chini kama vifurushi, kisha natua upande wa pili huku gauni limenivimba na suruali yangu ya ndani ya gauni inaonekana na watakatifu wote. Kalisto alishika kipaza sauti cha mkono. "Mabibi na mabwana, kimbunga kutoka Ufipa!" Watu walitutupia vitu. Mmoja alitupa kuku hai.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinagombewa. Mfanyabiashara mmoja wa sabuni kutoka Mbeya alileta lori la matangazo, limepakwa rangi ya samawati, na akatangaza kwamba siku ya Jumamosi vikundi vyote vya michezo vitaonyesha uwanjani, na kitakachopendeza zaidi kitapanda lori na kuzunguka naye Mbeya, Tunduma, mpaka Iringa, nauli juu yake, chakula juu yake. Nilitaka kupanda lori lile kuliko nilivyotaka kwenda mbinguni, nami nilikuwa Mkatoliki safi. Sikuwahi kupita mji mdogo wa Laela. Nilijiona nimesimama juu ya lori, skuta ubavuni, miji inakuja mmoja mmoja kunitazama. Basi, Jumamosi moja kabla ya ile siku, katika mazoezi, nikatua vibaya, na foku ya mbele ikajikunja kama goti la mbuzi. Kwa asiyejua: foku ni ule uma wa chuma unaolishika gurudumu la mbele kwa miguu miwili, na juu una bomba linalopanda kuingia kwenye shingo na kushikana na usukani. Ikiharibika, huna skuta, una ubao.

Nilikwenda kwa Nassoro, mwenye duka la vipuri karibu na soko. Zamani duka lile lilikuwa na foku za aina moja tu, zikija kwa bahati, na kwa hiyo mji mzima ulikuwa umekua ukiamini kwamba foku zote duniani zilizaliwa na mama mmoja. Mwaka ule Nassoro alikuwa amezitundika darini kama mikungu ya ndizi, za kutoka nchi nne au tano, nyeupe, nyekundu, za kung'aa, zilizopinda mbele, zilizonyooka. Nikatoa futi yangu ya ushonaji na kipande cha uzi.

"Dada Odilia," akasema Nassoro, "umekuja kuzishonea suruali?"

"Nataka kujua unene wa bomba lake."

"Foku ni foku. Chukua moja, fundi atajua la kufanya."

"Fundi atajua la kufanya kwa mguu wa nani? Mimi ndiye ninayeruka."

Akaniwekea kigoda, akaniagizia chai ya tangawizi, na kwa hilo namwombea mpaka leo. Nilizungushia kila bomba uzi, nikanyoosha uzi kwenye futi, nikapiga hesabu ya kipenyo kwenye kiganja. Shingo ya skuta yetu nilikuwa nimeshaipima nyumbani: unene wake wa ndani, urefu wake kutoka kikombe cha chini cha gololi mpaka cha juu. Nyingi zilikuwa nyembamba; zingechezacheza humo ndani. Nyingine zilikuwa fupi, thredi zisingetokeza juu vya kutosha kuishika nati. Nyingine bomba lilikuwa sawa lakini miguu imebanana, tairi yetu nene isingepita. Nyingine zilipinda mbele sana, na foku iliyopinda mbele kwenye kugeuka ni tamu ila kwenye kutua inakutupa. Mwisho kabisa, nyuma ya mlango, imefunikwa gunia, nikaikuta nyeusi moja, mbaya, nzito, ya zile baiskeli za kubebea mizigo zenye gurudumu dogo mbele. Miguu minene kama ya mama wa kwaya. Nikapima mara nne. Nikamwomba Nassoro naye apime. Akapima, akaniangalia, akasema, "Hii imetengenezwa kwa ajili yako, na aliyeitengeneza hakujui." Tulikubaliana nitamlipa kwa kuwashonea wanawe sare.

Kalisto alipoiona alifanya uso wa mtu aliyeletewa ugali bila mboga.

"Hiyo ni ya kubebea mkaa, sista. Pale kuna ile ya kung'aa. Ikipigwa na jua watu wote wataona."

"Ile ni nyembamba. Itacheza shingoni."

"Watu hawaji kuangalia shingo, wanakuja kuangalia kung'aa!"

"Wanakuja kuniangalia mimi," nikasema, "na ningependa niwe mzima."

Foku ya zamani ilikuwa imejikaza ndani ya shingo, haitoki ila kwa moto, kwa hiyo kazi ilikuwa ya Fundi Wensi. Karakana yake ilikuwa ua uliozungushiwa madebe yaliyonyooshwa, katikati kuna tanuru la mkaa na mvukuto uliozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Babu zake walikuwa wale Wafipa walioyeyusha chuma kutoka kwenye mawe. Matanuru yao bado yamesimama porini kama vichuguu virefu, na anayeyajua anakusimulia kwamba wazee waliyatendea kama bibi harusi: waliyapamba, waliyaimbia, na mwanamke hakukaribia mpaka chuma kizaliwe. Sawa. Nawaheshimu wazee. Lakini Fundi Wensi hakuwa ameyeyusha hata jiwe moja maishani mwake. Alichonga majembe na kuziba masufuria, na wanawake waliingia na kutoka uani mwake kutwa, wakiketi mpaka juu ya fuawe, lile bonge la kufulia chuma, kunyonyesha. Siku niliyokuja mimi ndipo desturi ikaamka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, binti. Acha chuma hapo, wewe ukae nje."

"Mama Fausta yule yumo ndani."

"Mama Fausta ameleta jembe kunolewa. Hili ni jambo jingine. Hapa natoa mume wa zamani shingoni na kuingiza mpya. Hii ni ndoa. Nawe ndiye utakayekipanda chuma hiki. Mke mwenza hakai kwenye harusi."

Alisema kwa unyenyekevu kabisa, mzee wa watu, na nadhani aliamini. Hasira yangu hasa si kwake. Ni kwa Kalisto, ambaye hakuamini chochote isipokuwa sauti yake, na ambaye alidakia haraka, "Mzee anasema kweli, Odi. Nenda ukanywe chai, nitasimamia mimi." Nikakaa nje kwenye benchi la muuza viazi, nikanunua viazi vitamu vya kuchemsha, nikamwona Kalisto akitoka na gunia begani na kurudi nalo, nikadhani ni mkaa wa fundi. Madebe yale yalikuwa na matundu ya misumari kiasi kwamba nilisikia kila kitu kama redio ya mezani.

"Hii siyo ile aliyonionyesha binti," ilikuwa sauti ya Fundi Wensi.

"Ni yenyewe, mzee. Tumeibadili kidogo tu kwa Nassoro."

"Bomba lake linacheza. Tazama. Kama mtoto kwenye viatu vya babaye."

"Si utatia bati?"

"Bati nitatia. Usukani ufike wapi? Mpandaji ana kimo gani?"

"Kama mimi tu, mzee. Nipime mimi."

Nikakiweka kiazi chini. Mimi nilimfika Kalisto begani, tena nikiwa nimevaa viatu vya Jumapili. Nikasimama, nikayapiga madebe kwa ngumi mpaka kuku wa mtaa mzima wakaruka.

"Kalisto! Foku yangu iko wapi?"

Mvukuto ukanyamaza. Kisha sauti ya Fundi Wensi, taratibu, kama padri aliyekatizwa misa: "Binti, rudi nyuma. Ndoa haijaisha."

Nilirudi nyuma, lakini si kule alikodhani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Nassoro. Foku yangu nyeusi ilikuwa juu ya kaunta. "Kaka yako kaniambia umebadili mawazo," akasema. Nikamwambia, "Yule si kaka yangu, na mawazo yangu nayabadili kwa mdomo wangu." Alinirudishia, akasema ile ya kung'aa niirudishe ikitoka. Nikaibeba begani mpaka nyumbani. Shangazi Skola alikuwa amepika ugali wa ulezi na maharage ya kuungwa kwa karanga, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikumaliza. Shangazi hakuwahi kuupenda mchezo wangu. Kila Jumapili aliniambia kwamba msichana wa kurukia watu ataolewa na mtu wa kuokota vichwa.

"Kijana yule," akasema akitafuna, "ana mdomo wa kupangisha. Lakini wewe unataka nini hasa? Kushinda hilo lori au kumshinda Kalisto?"

"Nataka foku yangu iingie kwenye shingo yangu."

"Basi kula. Foku haiingizwi na mtu mwenye njaa."

Fundi Wensi alikuwa amesema chuma kilale kwake hadi kipoe, kwa hiyo asubuhi skuta ilikuwa bado uani mwake. Niliingia bila kubisha, foku begani, futi shingoni. Moto ulikuwa unawaka. Mzee aliinua koleo mbele ya uso wake kana kwamba nimekuja na chui.

"Toka! Toka, binti, moto umewaka!"

"Babu, samahani sana. Nachukua kipimo."

Nikaketi juu ya fuawe. Macho ya Fundi Wensi yakajaa maji, moshi au uchungu sijui. Akachukua kopo la maji akalimwaga motoni. Mvuke ulipanda mpaka nikadhani watu wa kijiji cha Kaoze huko bondeni wameuona. Akakunja aproni yake ya gunia, akaweka tawi bichi mlangoni kama alama ya mwiko, akaenda zake. Hakutaka kukanyaga karakana mpaka atakapoitakasa. Spana zote akaziacha. Mwanamke aliyekatazwa kuingia akabaki na karakana nzima peke yake, na hilo peke yake lingetosha kunichekesha kama nisingekuwa na hasira kiasi kile. Nilifungua nati, nikaivuta ile ya kung'aa, ikatoka na vipande vya bati la kopo la mafuta ya kupikia vilivyokunjwa kuzunguka bomba. Bati la mafuta! Hilo ndilo walilotaka nipae nalo juu ya vichwa vya watu sita. Nikasafisha vikombe, nikapanga gololi kwenye grisi, nikaipandisha nyeusi yangu. Iliingia kama mkono wa mtu unavyoingia kwenye mkono wa gauni lililokatwa vizuri. Nikaifunga, nikainua mbele, nikaligusa gurudumu kwa kidole kimoja: likageuka kushoto lenyewe, likatulia, likageuka kulia, halikutoa hata mlio. Usukani nikauweka kifuani pangu, siyo kidevuni. Mchana ule niliruka mteremko wa uwanja peke yangu mpaka mikono ikafa ganzi. Foku haikutikisika.

Jumamosi uwanja ulijaa. Sizidishi sana nikisema hata waliokufa walikuja. Wauza pombe, wauza miwa, watoto juu ya miti, wanawake wamekaa kwenye mteremko wa nyasi na miamvuli mipya ya maua. Walitangulia wacheza ngoma, wakafuata vijana wawili wa kupindapinda viungo, halafu mwenye sabuni akaashiria zamu yetu. Nilipanda na skuta mpaka juu. Chini, karibu na kibao, wale wanaume sita waliokuwa wakilala kila mazoezi walisimama wamekunja mikono. Nikawapungia walale. Hawakulala. Nikateremka kwa miguu nikiikokota skuta.

Msemaji wao alikuwa Pastori, kijana wa buchani, mkubwa kama mlango. "Dada Odilia, hatuna ugomvi na wewe," akasema chini chini. "Lakini mji mzima unajua. Uliketi juu ya fuawe moto ukiwaka. Mzee Wensi amefunga karakana."

"Nimeketi, na foku ni nzuri kuliko ile. Njoo uishike."

"Foku sijakataa."

"Sasa?"

"Hatulali."

Nyuma yetu umati ulianza kupiga miluzi. Kalisto akasogea, kipaza sauti mkononi, na kwa dakika ile nilidhani, mjinga mimi, kwamba atawaambia ukweli: kwamba alibadilisha foku, kwamba ile yenye bati ingewaua. Akaangalia umati. Akamwangalia mwenye sabuni, ambaye alikuwa akitazama saa. Akainua kipaza sauti. "Mabibi na mabwana! Leo, kwa mara ya kwanza, atapaa kiongozi mwenyewe wa kikundi!" Na wale wanaume sita, ndugu msomaji, wakalala. Wote. Mmoja baada ya mwingine wakajinyoosha kwenye nyasi na kufumba macho.

"Skuta ni ile ile!" nikapiga kelele. "Pastori! Foku ni ile ile!"

Pastori akafungua jicho moja. "Chuma hakina kosa, dada. Kosa ni mguu wako."

Nimefikiri jibu la maneno hayo kwa miaka yote hii, nikishona, nikipika, nikiwa kanisani, na sijalipata. Kama chuma kimelaaniwa, kimelaaniwa kwa wote. Kama hakijalaaniwa, laleni. Mwalimu wetu wa jioni angewapa sifuri kwenye hesabu ile. Lakini walikuwa wamelala tayari, na Kalisto alikuwa ameshika usukani wangu, uliomfika tumboni, na amekwenda juu. Alisukuma vibaya. Alipanda kibao vibaya, mguu umekaa upande. Alipaa kama gunia linalotupwa kutoka kwenye lori, na alitua vibaya kuliko nilivyowahi kutua siku yangu mbaya kuliko zote, gurudumu la mbele likitangulia, uzito wake wote juu yake. Foku yoyote nyingine kati ya zile za Nassoro ingekunjika na kumpeleka kifuani mwa mtu wa sita. Nyeusi yangu ilipokea, ikanyamaza, ikamfikisha. Sijawahi kukionea fahari kitu na kukichukia kwa wakati mmoja namna ile. Uwanja ulilipuka. Mwenye sabuni alimkumbatia. Mimi nilisimama pale na futi shingoni, na hakuna aliyeniangalia, isipokuwa mtoto mmoja aliyeniomba nimshikie muwa wake apige makofi.

Asubuhi ya Jumapili lori la samawati lilikuwa sokoni, limepakiwa. Kengele za kanisa zilikuwa zinalia na watu wamevaa vizuri. Skuta ilifungwa kwa kamba nyuma ya kichwa cha lori, kama kipaza sauti cha pili. Nilikanyaga gurudumu nikapanda juu, nina spana mbili kwenye mfuko wa gauni.

"Odi," Kalisto akasema, anatabasamu kwa wote wanaotazama, "unakuja kutuaga?"

"Nakuja kuchukua changu."

"Skuta ni ya kikundi."

"Skuta chukueni. Foku ni yangu, nami nitamalizia kuilipa kwa sare kumi na mbili, tena za mikono mirefu."

Nikaanza kufungua. Alinishika mkono, nikamwonyesha spana. Akainama karibu na sikio langu, sauti ya vitumbua imekwisha yote: "Odi, tafadhali. Usinifanyie hivi mbele za watu."

"Kwani nyinyi mlinifanyia wapi?"

Akauachia mkono wangu. Hakuna aliyenizuia, nadhani waliogopa mguu wangu. Nati ya juu, nati ya kufungia, gololi zikamwagika juu ya makatoni ya sabuni kama mvua ya mawe, nikavuta foku na gurudumu lake, nikashuka. Lori liliondoka na skuta isiyo na pua. Niliambiwa baadaye na dereva mwenyewe kwamba huko Tunduma walimtafutia Kalisto foku nyingine ya kung'aa kama ile, ikafungwa kwa bati, akaushika usukani mbele ya watu, akausikia unavyocheza, akaiweka skuta chini na kusema tumbo linamuuma. Mwenye sabuni akampandisha basi la kurudi. Huyo ndiye aliyewaambia wageni wa Namanyere kwamba mimi niliogopa, naye bwana wa tai akanihurumia mimi.

Lakini hilo nilikuja kulijua baadaye. Jumapili ile nilikuwa na foku isiyo na skuta, na wao wana skuta isiyo na foku, na hakuna aliyeruka tena juu ya mtu yeyote Sumbawanga. Nilirudi nyumbani nimeibeba begani, grisi imenichafua gauni la kanisani. Shangazi Skola alikuwa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Hakuniuliza mambo ya gauni.

"Nilikuwepo jana," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye nyasi, na akina mama wa kwaya. Tulikuwa na mwamvuli mmoja watu watano." Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Mbona hukuja kwetu?"

"Kuja kufanya nini, shangazi?"

"Kutuomba! Ulisimama pale unawabembeleza wale wanaume kana kwamba dunia nzima ina watu sita. Sisi tumekaa pale, migongo tunayo."

Nikacheka, kwa uchungu, nikamwambia hasemi kweli, yeye aliyekuwa akiniombea niache. Akauweka ungo chini. Alikuwa na hasira kunizidi mimi.

"Mchezo wako siupendi, wala leo siupendi," akasema. "Lakini ningelala, Odilia. Ningelala na kitenge changu cha kanisani, na macho nisingefumba."